Waya za Milimani

Mchana ule Huguette alikuwa anafunga duka lake la simu pale sokoni Warwick, aende mkutanoni kupinga waya za serikali. Serikali ilitaka kumwaga mamilioni kupeleka simu hadi vijiji vya milimani. Yeye, Mkongomani aliyeishi kwa kuuza dakika za kupiga simu, aliona huko ni kuchoma pesa na kumnyang'anya wateja.

"Eish! Watu hawana maji, nao wanawaletea waya!" alimwambia kinyozi jirani, aliyekuwa akimngoja mlangoni.

Akaingia bibi mmoja wa Kizulu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ametoka milimani, amebadilisha taxi mara mbili, ili aongee na mwanawe anayefanya kazi Johannesburg.

"Nipigie, mwanangu. Macho yangu hayaoni namba."

Huguette akapiga. Akapokea mwanamume, msimamizi wa bweni walimoishi wafanyakazi. Aliposikia jina la kijana, alishusha sauti.

"Tulimzika Jumamosi," alisema. "Tulitafuta njia ya kuwaambia nyumbani kwao, tukakosa. Kule hakuna simu."

Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono kuupokea mkonga wa simu, anatabasamu, anasafisha koo.

"Mama Huguette, twende!" kinyozi aliita. "Mkutano unaanza."

Huguette aliufunika mkonga kwa kiganja.

"Nenda ukapinge peke yako," alimjibu bila kugeuka.

Kisha akasogeza kiti.

"Bibi, keti kwanza."