Taulo Elfu Tatu za Kuwabara

Taulo elfu tatu zilishachapwa kabla Kuwabara hajashika gongo. Ziliandikwa hivi: "Mpira wake wa kwanza kuvuka ukuta, na wa mwisho." Mkurugenzi wa klabu, Bwana Todoroki, alitaka kila shabiki apunge yake mpira ukiwa bado angani. Kiwanda cha samaki wa kopo kilichozichapisha kilikuwa kimeleta mpiga picha.

"Na nikikosa?" Kuwabara aliuliza asubuhi.

"Utakosaje? Si unastaafu?" Mkurugenzi akamwekea sawa kola ya jezi.

Alisema kweli. Katika besiboli yetu, mpigaji anayeaga hurushiwa mpira laini wa katikati. Mrushaji anayeaga naye, wapigaji huikosa mipira yake makusudi mara tatu, wakatoka. Hivyo kila mmoja huenda nyumbani na la kuwasimulia wajukuu. Hakuna anayekiri, lakini ukimnyima mtu heshima hiyo, hata mwenye duka la tambi hakuchekei tena.

Kuwabara alikuwa mdakaji kwa miaka kumi na minane. Alichuchumaa nyuma ya wapigaji mpaka magoti yakawa yanalia kama mlango wa ghala, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikagoma kukunjika. Zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliwadakia warushaji mazoezini tu, wakati wenzake wakicheza. Hakuwahi kuvusha mpira ukuta hata siku moja. Alichojua ni kuwasoma watu: nani hajala, nani kagombana na mkewe, nani bega linamuuma na anaficha. Aliwapelekea chai bila kuwauliza kitu. "Sijawahi kumsoma mtu vibaya," alipenda kusema, na hilo ndilo jambo pekee alilojisifia.

Mama yake, Bi Fumi, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa ameketi mstari wa kwanza, juu ya mto aliotandikiwa na muuza chai. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Mipira ya chini siioni," alikuwa amemwambia mwanawe walipokula matonge ya wali kabla ya mechi. "Lakini watu wote wakitazama juu, nami nitatazama juu. Nipatie huo mmoja tu, baba."

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu hapa mjini Akita, timu ya tano ikicheza na ya sita, katika ligi ya timu sita. Kuwabara akaingia na gongo lake. Mwamuzi akainama kufagia kibao cha mpigaji ambacho tayari kilikuwa safi, akakifagia polepole, ili mzee avute pumzi.

"Babu, hilo ni gongo, si mkongojo," shabiki mmoja akamtania, na wenzake wakacheka kwa upendo.

"Mipira yote ya katikati, kaka," mdakaji wa wapinzani akamnong'oneza, akiwa amechuchumaa nyuma yake. "Tumeshakubaliana."

Mrushaji alikuwa Minegishi. Kuwabara ndiye aliyemdakia mpira wake wa kwanza, miaka kumi na sita nyuma, siku ambayo Minegishi alitapika kwa woga. Kisha akauzwa timu nyingine, na bega lake likapasuliwa mara mbili. Leo macho yake yalikuwa mekundu.

"Minegishi ana nini?" Kuwabara akauliza.

"Hata sisi hatujui, kaka. Tangu asubuhi analia chooni. Akitoka anasema ni vumbi."

Kuwabara akatazama kama alivyozoea kutazama. Mke wa Minegishi alikaa mbele, amevaa kimono cha sherehe, ameshika maua. Watoto wake wawili walikuwa pale, siku ya shule. Minegishi akainama, akaugusa udongo kwa kiganja, kama mtu anayeihama nyumba.

Kumbe. Naye alikuwa anaaga, na hakumwambia mtu, asije akamwibia Kuwabara siku yake.

Wanaoaga wakawa wawili, na desturi haikuwa imesema lolote juu ya hilo.

Mpira wa kwanza ulikuja laini kama tofu. Kuwabara akazungusha gongo shibiri nzima juu yake. Uwanja ukaguna.

Wa pili ulikuja laini zaidi. Akaukosa.

Akageuka kumtazama mama yake. Bi Fumi alikuwa ameshainua uso mbinguni, mapema, asije akachelewa. Akamtazama tena Minegishi, na viatu vidogo vya wale watoto wawili vikining'inia kitini bila kufika chini.

Mpira wa tatu ulikuja taratibu hivi kwamba Bwana Todoroki mwenyewe angeupiga, na hotuba yake mfukoni. Kuwabara akaukosa kwa nguvu zake zote, akazunguka, akaanguka kwa magoti.

Taulo elfu tatu zikashuka. Mpiga picha wa kiwanda akazipiga picha zikishuka. Bi Fumi aliendelea kutazama juu kwa kitambo.

Kuwabara akajikongoja mpaka kwa mrushaji, akamkumbatia.

"Pole na kazi, mdogo wangu. Sasa nenda kapumzike. Hilo bega limefanya ya kutosha."

Minegishi akajifuta macho kwa mkono wa jezi. Nyuma yao mkewe alikuwa ameshafika kwa Bi Fumi, anamwekea maua mapajani, na watoto wameinamisha vichwa.

"Nikapumzike wapi, kaka?" Minegishi akasema. "Juzi nimetia saini mkataba wa miaka mitatu. Mimi nalia kwa sababu wewe unaondoka."