Kibao cha Nguma

Nguma alipohitimu ualimu wa Kiingereza, mwaka 1947, aliapa: kile kibao alichovishwa utotoni kwa kusema Kigiriama darasani, aibu aliyomficha hata mama yake, yeye hatamvisha mtoto wa mtu.

Siku ya tatu kazini, Kisauni, mama yake akatokea mlangoni pa darasa na mihogo ya moto. "Mwanangu, njoo ule."

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma, kalamu mkononi. Nguma akamjibu mama kwa Kiingereza.

"Asemaje?" mama akamwuliza msichana wa dawati la mbele.

"Asema umngoje nje, bibi," mtoto akamwambia kwa Kigiriama.

Mwalimu mkuu akakohoa.

Nguma akakitungua kibao ukutani. Kamba yake ya katani ilikuwa imekakamaa kwa jasho la shingo nyingi. Akamvisha yule msichana.

Mama yake Nguma, akidhani mtoto anatuzwa, akapiga kigelegele.