Saa Moja ya Stumai

Kila neno tunalosema huhifadhiwa, lakini ukifa sheria huwaachia jamaa saa moja tu ya sauti yako. Zilizobaki hufutwa siku ya arobaini.

Siku hiyo wanafunzi wa marehemu mke wangu walijaa uani, nami nikajitia ukarimu. "Mwalimu Stumai ni wa watu wote," nikasema. "Chagueni ninyi." Wakachagua somo lake la mwisho la hesabu, na watu wakanisifu sana. Zile saa alizokuwa akimsuka binti yetu mdogo, Mwanaidi, nywele huku akimwimbia zikafutwa kwa saini yangu mwenyewe.

Sasa Mwanaidi ametimiza miaka sita. Kila jioni huifungua saa ile, akasimama wima katikati ya sebule pamoja na darasa lisiloonekana.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Hukaa sakafuni. Mwalimu anapouliza swali, hunyoosha kidole juu kabisa, lakini huitwa wengine.

Jana nilishindwa kuvumilia. "Mwanangu, huyo ni mama yako."

"Nyamaza, baba," akaninong'oneza, kidole bado kiko juu. "Mwalimu akikusikia, leo tena hataniita."