Mpiko wa Mbele

Msafara ulipofika njia panda ulipinda kushoto, na Yasokichi, aliyebeba mpiko wa mbele, akaamini kwamba amefanyiwa hila.

Miaka yote kihekalu cha mungu wa mji, kibebwacho kwa mipiko mabegani siku ya sikukuu, hupinda kulia, kikapita mlangoni pake. Mwaka huu mkewe Fusae, asiyeondoka kitandani tangu theluji ilipoyeyuka, aliahidi kwamba atasogezwa kizingitini amwone akibeba kwa mara ya mwisho; kwani atimizaye miaka sabini humwachia mwingine mpiko.

"Nani kabadili njia?" alifoka.

"Barabara imechimbwa, kaka," akajibu Kanematsu, aliyekuwa nyuma yake. "We beba tu. Wasshoi!" akapaza mwito wa wabebaji.

"Imechimbwa na nani? Fuko?"

Hakuna aliyecheka.

Shaka ilimwanza asubuhi. Wabebaji walikuwa wamelala siku tatu katika ukumbi wa hekalu, kama ilivyo ada, bila kukanyaga nyumbani. Kulipopambazuka Kanematsu aliitwa langoni. Aliporejea, alinong'ona na huyu, akanong'ona na yule. Na kila Yasokichi alipowakaribia, ndimi zilifungwa na macho yakakimbilia chini.

Chanzo alikijua. Mwaka uliopita ni yeye aliyemtoa Kanematsu mpikoni mbele ya mji mzima, kwa kuwa babake hakuwa ametimiza wiki tangu azikwe. Mwenye msiba hagusi kihekalu. Kanematsu, mtu mzima na ndevu zake, alilia hadharani. Bila shaka leo amekuja kulipiza: atangoja bega la mzee lilegee, kisha aupokonye mpiko na kumwacha njiani kama mzigo uliodondoka.

Basi Yasokichi akaukumbatia mti ule kwa mikono miwili.

"Pumzika kidogo, kaka. Tukupokee hadi darajani."

"Mnipokee! Labda mng'oe na bega!"

"Haya, kunywa maji basi."

"Kunywa wewe kwanza."

Kanematsu akanywa, akamfikishia kata ya maji mdomoni.

Wakazipanda ngazi themanini za mawe. Ngozi ya bega ilichunika, damu ikalowesha joho, na Yasokichi hakubadili hata hatua. Juu kabisa wakakitua kihekalu. Kuhani akamrudisha mungu ndani na kufunga milango.

Ndipo mzee alipogeuka, kifua mbele.

"Nimefika! Hila yako imeishia wapi, we Kanematsu?"

Kanematsu alivua kitambaa cha kichwani, akapiga magoti juu ya kokoto. Nyuma yake, mmoja mmoja, wabebaji wote wakapiga magoti.

"Shemeji ametutoka alfajiri, kaka," alisema. "Alituachia neno moja tu: asiambiwe mpaka autue mpiko."