Atakayebaki Benchini

Jumapili ile Coleta hakwenda kanisani kusali. Alikwenda kuona nani atabaki benchini.

Aliwahi kabla ya kengele, akachagua benchi la katikati, mahali ambapo ukigeuza shingo kidogo tu unawaona wanaume wote upande wa pili. Bintiye Faith akaketi mwisho wa benchi, karibu na njia. Siku zote Faith alikuwa mtu wa kwaya, ila leo alisema koo linamuuma.

"Litapona tu," Coleta alimnong'oneza. "Leo tunaletewa dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa waraka wa askofu. Ungesomwa siku hiyo parokia zote na vigango vyote, na Coleta alikwishaambiwa na paroko: "Mama, kilio chako kimesikika. Maneno yako yamo."

Kilio chake kilikuwa cha mama yake mzazi, bibi Gaudiosa. Ulezi ulipoanza kuvunwa, lambalamba walipanda kutoka bondeni kuja kusaka wachawi. Wakapiga ngoma kijiji kizima, wakacheza mpaka mlangoni kwa bibi, wakasema ni huyu. Wakamnyoa kwa wembe mkavu, wakamchanja, wakamnywesha madawa yao. Bibi wa watu, aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji kwa mikono yake, hakumaliza juma.

Na lambalamba si mvua kwamba watajinyeshea wenyewe. Lambalamba huitwa. Mtu hufunga safari akawafuata waliko, akawaeleza linalomsumbua, ndipo wanakuja.

Coleta hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Yeye na jirani yake Alphonce, mzee wa kigango, walikuwa wanagombea mpaka wa shamba tangu zamani. Alphonce huyo huyo ndiye aliyekuwa akishuka Mtowisa, huko huko bondeni kwa lambalamba, kununua mpunga. Tena siku ya ngoma watu walimwona amejitenga na mkubwa wa lambalamba, anaongea naye kwa mikono. Ushahidi gani tena?

Hata msibani alikuja, kofia mkononi.

"Mama Faith," alisema, "moto mwingine uache uzimike wenyewe. Ukiupuliza, hujui utashika paa la nani."

Coleta alitema mate chini. "Unanitisha, Baba Timoth? Basi utaanza na la kwako. Malipo ni hapa hapa duniani."

Alphonce alitaka kusema neno. Akamtazama Faith aliyekuwa anagawa uji, akavaa kofia yake, akaondoka.

Ndipo Coleta alipoamua kumwandikia askofu. Yeye aliishia darasa la saba na mwandiko wake unachechemea, kwa hiyo aliyeandika ni Faith, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe Mtowisa baada ya kumzika mtoto wake wa pili. Coleta alipukuchua mahindi huku akitamka.

"Andika: aliyewaita asipewe komunyo."

Faith akaandika.

"Andika tena: na akifa hajatubu mbele ya watu, padri asimzike."

Kalamu ikasimama. "Mama, na hilo?"

"Hilo hasa! Azikwe kama mbwa. Bibi yako alimbembeleza mwanao mgongoni mpaka akakata roho pale pale mgongoni, leo wewe unamhurumia muuaji wake?"

Faith alilia mpaka karatasi ikalowa, ikabidi aanze upya. Coleta alimtazama, uchungu ukamzidi. Mtoto huyu, alijisemea, alimpenda bibi yake kuliko sisi sote.

Sasa paroko alisimama mbele, akaufungua waraka. Alisoma salamu za askofu, akasoma habari za vikongwe wanaoteswa, kisha akafika palipongojewa.

"Mkristo yeyote aliyewaita lambalamba asikaribie meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya jumuiya yake. Na akifa hajatubu, asizikwe na Kanisa."

Alphonce alitoa leso akajipangusa jasho. Coleta alimwona. Moyo ukamrukaruka kama wa bibi harusi. Toa jasho, alisema kimoyomoyo. Bado hujalitoa.

Wakati wa komunyo ukafika. Benchi baada ya benchi watu wakainuka, na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Alphonce akainuka. Akaingia kwenye mstari, mikono kifuani, akafika mbele, akapokea.

Coleta nusura apige kelele. Mtu gani huyu asiyemwogopa hata Mungu! Akaapa kwamba Misa ikiisha tu atamsubiri mlangoni, amtaje jina lake mbele ya watu wote, mkewe akiwepo na watoto wake wakiwepo.

Alphonce akarudi polepole, kichwa kimeinama. Alipolifikia benchi lao, aliinua macho mara moja. Hakumtazama Coleta. Kisha akayashusha, akapita.

Coleta akageuza shingo huku na huku akitafuta. Upande wa wanaume kila mtu alikuwa ameinuka. Wa wanawake vilevile. Mpaka vikongwe walikuwa wameshikwa mkono wakapelekwa mbele. Zamu yao ilikuwa imepita, na waliobanana nao walikuwa wamekwishatokea upande wa pili.

Akamgusa bintiye goti. "Inuka, mama, tunachelewa."

Faith hakuinuka. Alivuta miguu yake pembeni, mama yake apate kupita.