Filimu ya Mzee Ladislas

Onesphore aliwarudishia watu michango yao kwa simu, mmoja baada ya mwingine, akiwa amesimama nje ya duka la kompyuta pale Kamukuzi, mjini Mbarara. Alipomaliza alijisikia mtupu na mchovu, kama mtu aliyetoka kutapika.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza. Kiwanda kidogo huko Ulaya kilitaka kutengeneza filimu mpya ya rangi kwa ajili ya kamera kubwa za zamani. Hakikuwa na mtaji, kikaomba mchango kwa watu wa dunia nzima kupitia mtandao. Waliochanga wangepata filimu za kwanza. Lakini lengo lilipaswa kutimia kabla ya saa sita mchana wa leo. Lisipotimia, hakuna filimu, na kila mtu abaki na chake.

Saa sita ilikuwa imepita. Halikutimia.

Alikuwa amejiandikisha kwa jina la baba yake. Mzee Ladislas alikuwa mpiga picha wa harusi Bujumbura, na alipokimbia alivuka mpaka na kamera yake ya macho mawili, ile inayoning'inia kifuani, ambayo mpigaji huitazama kutoka juu kwa kuinamisha kichwa. Filimu yake ya rangi haikupatikana tena Mbarara, wala Kampala. Ya nyeusi na nyeupe aliikataa. Alisema watu wa kambi ya Nakivale wamepoteza vya kutosha, yeye asiwanyang'anye na rangi. Alitaka kuwapiga majirani wote, nyumba kwa nyumba, picha za kutundika ukutani, zisizokufa pamoja na simu. Tangu mvua zianze kifua kilikuwa kinambana, na kila jioni aliuliza swali lile lile: hao wazungu wamefika wapi?

Majirani walichanga kama wanavyochangia harusi. Gatete, muuza makaa, alitoa chake huku akisema kijana ana digrii nzima na bado anauza upepo. Ezira, shemasi wa kanisa la Wakongomani, alitaka kujua kama koti lake la kijani litatoka kijani kweli. Wakakubaliana kwamba siku ya matokeo watakutana kwa Ladislas, wapike, wasikie pamoja.

Onesphore alikuwa juu ya pikipiki, njiani kurudi, Émérance alipompigia. Huyu ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyemwangalia mzee kila Onesphore alipokwenda mjini.

"Uko wapi?"

"Nimepita Kabingo, mama. Pesa mmezipata?"

"Tumezipata. Weye njoo tu. Usipite pahali."

Aliitambua sauti hiyo. Ni ya mtu aliyeahidiwa kitu akakikosa. Njia nzima akawa anatunga maneno ya kumwambia baba yake, anayatupa, anayatunga upya.

Alikuta uani pamejaa. Viti vya plastiki vya kanisani vilikuwa vimepangwa, turubai limefungwa juu ya miti, masufuria mawili makubwa yako motoni. Karamu ilikuwa imeandaliwa, na yeye ndiye aliyekuja kuiharibu. Gatete, ambaye hapati usingizi asipomtania mtu, aliinuka akampisha kwenye kiti chake bila neno. Hilo lilimuuma Onesphore kuliko tusi.

Alibaki amesimama, akaomba radhi. Alieleza kwamba wachangiaji walikuwa wachache, kwamba wapiga picha wa filimu siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi, kwamba pengine mwakani kitatokea kiwanda kingine. Walimsikiliza wakitazama chini. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Onesphore akashangaa kwamba filimu ilikuwa imewaingia moyoni kiasi hicho.

Akamuuliza Émérance hali ya mzee. Alijibu kwamba yuko ndani, kikohozi kimetulia.

"Amejua?"

"Hakuna aliyemwambia."

Onesphore alishusha pumzi. Akawasogelea, akapunguza sauti ili isifike mlangoni.

"Basi nawaomba, msimwambie mzee. Nitamwambia imepatikana, iko njiani. Nitasema hivyo kila jioni mpaka nipate nyingine. Mtanisaidia huo uongo?"

Walitazamana. Ezira ndiye aliyejibu.

"Hatutamuambia, mwana yangu. Hata mutu mumoja."

Onesphore akageukia mlango. Ezira alikuwa ameshafika mbele yake, sahani mkononi.

"Kula kwanza."

"Ngoja nimsalimie, papa."

"Mutu anatoka safari, anakula. Ikala fasi hii."

Onesphore aliketi, hakuwa na nguvu ya kubishana. Gatete alimnawisha mikono, akimimina maji polepole, yeye mtu mzima kwa kijana. Ulikuwa ugali na maharage. Émérance alisimama nyuma yake, mkono begani pake. Wote walimtazama akila, tonge kwa tonge, na hakuna mwingine aliyepakuliwa. Alikula haraka, akiufikiria uso wa baba yake atakaposikia kwamba filimu inakuja.

Ezira aliipokea sahani ikiwa tupu, akaiweka chini, akamshika mikono yote miwili.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Sasa ingia. Baba yako tulishamuosha. Tulikuwa tunangojea wewe tu, ukule."