Jumamosi ya Kuvunja

Tangu wasanii washike mji, kila nyumba ilitakiwa kuvunja hadharani kitu kimoja kila Jumamosi, ili watu wasitawaliwe na vitu.

Mwanaidi, jirani wa Sikudhani, alipoipasua friji kwa shoka, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Sikudhani alipovunja pasi, watu walipiga miayo. Wivu ukamkaba.

Jumamosi iliyofuata akatoa cherehani ya marehemu mama yake.

"Dada, hiyo usivunje," Mwanaidi alimsihi. "Mama yako alitushonea sote kwa hiyo."

"Unaogopa nitakupita!"

Akaishusha nyundo. Vigelegele vikapaa. Sikudhani akamtafuta Mwanaidi, aone naye alivyoumia kwa kijicho. Akamkuta amechuchumaa, anaokota vipande huku akilia kwa kwikwi.

Yeye mwenyewe hakutokwa na chozi. Akayaonea wivu hata machozi yale.